Ngoma za chakacha kwenye kompyuta: kwa nini pigo moja linalia mara nne

"Asalaam aleikum. Niko Majengo, Mombasa. Tunapiga chakacha kwenye harusi, na nataka seti ya ngoma za elektroniki, yaani vumi, msondo na chapuo, ili tufanye mazoezi usiku bila kuwaudhi majirani. Nimegundisha visahani vitatu vya piezo (vihisi vya mtikisiko) chini ya ubao mmoja wa plaiwudi. Kila kisahani kina rezista ya megaomu 1, vinaingia pini za A0, A1 na A2 za Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta), halafu kebo ya USB hadi laptopu ya Windows. Sauti inatoka kwenye spika ya Bluetooth. Shida zangu: pigo moja linalia mara tatu au nne. Nikipiga chapuo, vumi nayo inaitikia. Sauti inachelewa kama robo sekunde. Nikichomeka chaja ya laptopu, ngoma zinalia zenyewe. Nimeweka delay(100) kwenye programu. Kurudia kumepungua lakini mapigo ya haraka yamepotea. Muuzaji wa vifaa ameniambia Uno si ya muziki na piezo ni takataka, ninunue pedi za kiwandani. Niache?"

Waaleikum salaam. Usiache. Ulichounda tayari ni ala. Kinachokusumbua ni hitilafu nne tofauti zilizoingia siku moja, na kwa kuwa zote unazisikia kwenye spika moja, zinaonekana kama ugonjwa mmoja. Kurudia kunatoka kwenye programu. Vumi kuitikia kunatoka kwenye ubao. Kuchelewa kunatoka kwenye njia ya sauti, baada ya Uno kumaliza kazi yake. Kulia zenyewe kunatoka kwenye umeme wa nyumba. Kila moja ina dawa yake, na dawa nyingi hazidai zaidi ya jioni moja na vipande vya mpira.

Kuhusu muuzaji, wazee walisema mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Pedi nyingi za kiwandani zina kisahani hicho hicho cha piezo ndani yake. Unacholipia ni namna kilivyotengwa na mbao, pamoja na programu inayosoma mawimbi yake, na hayo mawili unaweza kuyafanya mwenyewe. Uno nayo inatosha. Kichipu chake, ATmega328P, husoma pini moja ya analogi kwa takriban mikrosekunde 110, maana yake mara elfu tisa kwa sekunde. Hakuna mkono wa binadamu utakaoishinda. Ina udhaifu mmoja wa kweli, na nitaufikia baadaye: haiwezi kujitambulisha kwa kompyuta kama kifaa cha MIDI, yaani lugha ambayo ala huiambia kompyuta noti ipi ilie na kwa nguvu gani.

Tuanze mwisho wa njia, kwenye spika, kwa sababu hapo jibu ni la dakika mbili. Spika ya Bluetooth hupokea sauti iliyobanwa, huifungua, kisha huiweka akiba kidogo ili mlio usikatike njiani. Kazi yote hiyo mara nyingi hula milisekunde 100 hadi 300. Anayesikiliza muziki tu hatambui, maana kila kitu kimechelewa pamoja. Kwa mpiga ngoma ni msiba: mkono umeshagusa na sauti bado iko hewani. Robo sekunde yako ni milisekunde 250, na karibu yote imelala humo. Chomeka hedifoni za waya, au spika ya waya kwenye tundu la milimita 3.5, upige tena kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Kitakachobaki ni cha Windows. Programu ya muziki hutoa sauti kwa mafungu, na fungu hilo huitwa bafa. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1024 ni milisekunde 23, ya 256 ni karibu 6, ya 128 ni karibu 3. Weka 256 kwanza, kisha jaribu 128. Ukisikia mikwaruzo, kompyuta imeshindwa kwenda mbio, rudi 256. Ila bafa ndogo haitasaidia ukiwa bado unatumia draiva ya sauti ya kawaida ya Windows. Sakinisha ASIO4ALL, ambayo ni draiva ya bure, na uichague ndani ya programu yako. Spika nayo isikae mbali. Sauti husafiri sentimita 34 kwa kila milisekunde, hivyo spika iliyo mita tatu na nusu kutoka kwako inaongeza milisekunde 10 ambazo hakuna mpangilio utakaoziondoa. Jumla yote ikishuka chini ya milisekunde 20 utapiga bila kuhisi mkono mzito.

Sasa kurudia kwa mapigo. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wengi wanapokata tamaa.

Kisahani cha piezo ni bamba la shaba ya njano lililopakwa tabaka la kauri. Kinapokunjwa, kauri husukuma chaji ya umeme upande mmoja. Kinapokunjuka upande wa pili, husukuma kinyume. Kwa hiyo hakipimi uzito wa mkono. Ukiweka kiganja juu yake na kukandamiza bila kutikisika, kitatoa umeme kidogo mwanzoni kisha kitanyamaza. Sasa fikiria ubao uliopigwa kofi. Hautulii papo hapo. Unatetemeka juu na chini mara nyingi, kila tetemeko dogo kuliko lililotangulia, kwa makumi ya milisekunde. Kwako hilo ni pigo moja. Kwa Uno inayochungulia kila baada ya sehemu ya kumi ya milisekunde, ni msururu wa vilima. Kama programu yako inasema "thamani ikivuka 50, lia", basi kila kilima kinacholivuka hilo kitalia. Uno inahesabu kile inachokiona.

Rezista ya megaomu 1 ina kazi yake humu. Kisahani cha milimita 27 kina uwezo wa kuhifadhi chaji wa takriban nanofaradi 20, na kwa rezista hiyo chaji huvuja kwa muda wa milisekunde 20 hivi. Ukiiondoa, chaji hubaki inaning'inia na usomaji unapanda wenyewe. Ukiipunguza hadi kiloomu 470, mkia wa pigo unakuwa mfupi na mvumo wa umeme unapungua, lakini mapigo mepesi yanafifia pia. Kwa ngoma ya mkono, kiloomu 470 ni mahali pazuri pa kuanzia. Chini ya kiloomu 100 utaanza kupoteza mapigo ya vidole.

Delay(100) yako inafanya nini? Inaifumba macho Uno nzima, ngoma zote tatu, kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Chakacha huenda kwa makundi ya matatu. Chukua mwendo wa mapigo makuu 110 kwa dakika: kila sehemu ya kundi inachukua milisekunde 182, na chapuo ikijaza katikati, pigo linakuja kila baada ya 91. Umeifunga Uno kwa 100. Kila pigo la kujazia linakuta mlango umefungwa, na pigo la vumi linaloangukia humo linapotea pia, ingawa vumi haikukosea lolote. Ifute delay. Tumia millis() au micros(), yaani saa inayotembea huku Uno ikiendelea kusoma pedi nyingine, na uipe kila pedi saa yake.

Mpangilio wenyewe uwe hivi. Kwanza, kizingiti, yaani thamani ambayo pigo lazima liivuke ndipo lihesabiwe. Acha ngoma zimetulia dakika moja huku ukichapisha thamani za pini zote. Angalia ile kubwa kuliko zote, izidishe mara mbili, hicho ndicho kizingiti cha pedi hiyo. Uno hugawa volti 5 katika hatua 1024, karibu milivolti 5 kila hatua, na kizingiti cha 30 hadi 50 ni cha kawaida. Kila pedi iwe na chake.

Thamani ikivuka kizingiti, usilie bado. Fungua dirisha la milisekunde 3 uendelee kusoma, ukihifadhi thamani kubwa kuliko zote. Huo ndio kilele, na kilele ndicho kinachoeleza nguvu ya pigo. Ukituma sauti mara tu kizingiti kinapovukwa, utakuwa umepima mguu wa kilima, na mapigo yote yatatoka na nguvu moja. Wengi huilaumu piezo kwa kosa hili, wakidhani haitofautishi pigo jepesi na zito.

Baada ya kutuma, pedi hiyo, na hiyo peke yake, inyamaze milisekunde 25 hadi 30. Kisha usirudi ghafla kwenye kizingiti cha chini. Anza na asilimia 60 ya kilele kilichopita, kishuke nusu kila milisekunde 15 hadi kifike chini. Kwa njia hiyo mkia wa pigo zito hauvuki, lakini pigo jipya la kweli, ambalo lina nguvu kuliko mkia, linavuka. Kizingiti kinachoshuka ndicho kinachotenganisha ala na kichezeo. Nakuomba usikiruke hata kama milisekunde 30 za ukimya peke yake zimeonekana kutosha. Zitatosha mpaka siku ya kupiga kwa nguvu harusini.

Mwisho wa programu ni kugeuza kilele kuwa nguvu ya MIDI, 1 hadi 127. Ukigawanya moja kwa moja, vidole vitasikika kama havipo, na mapigo makubwa yatagota juu. Tumia kipeuo cha pili: gawa kilele kwa 1023, chukua kipeuo cha pili cha jibu, zidisha kwa 127. Mapigo mepesi yatapata nafasi. Ukiona dirisha la milisekunde 3 linakosa vilele, ongeza kasi ya usomaji kwa kubadilisha kigawanyo cha saa ya analogi kutoka 128 hadi 32. Usomaji mmoja unashuka hadi mikrosekunde 26, na usahihi unaopotea hausikiki kwenye ngoma.

Kabla hujaendelea, zilinde pini. Pigo zito linaweza kutoa makumi ya volti, chanya na hasi, wakati pini za Uno hazitakiwi kupita nusu volti chini ya sifuri wala nusu volti juu ya 5. Kwa kila pedi weka dayodi ya zena ya volti 5.1 (hukata volti zinazozidi) sambamba na kisahani, upande wenye mstari ukiwa kwenye waya wa ishara na upande wa pili kwenye GND (pini ya sifuri ya Uno), halafu rezista ya kiloomu 10 kati ya hapo na pini. Uno nyingi huishi bila hivyo kwa muda, kisha pini moja huanza kusoma ovyo na mwenyewe hajui kwa nini.

Sasa vumi inayoitikia chapuo ikipigwa. Kuna njia mbili ambazo mtikisiko unaweza kupita, na jaribio la kuzitofautisha ni jepesi. Bandua kisahani cha vumi, kishike hewani kwa waya wake, mwenzako apige chapuo. Vumi ikinyamaza, njia ni ubao. Ikiendelea kulia, njia ni umeme, na mara nyingi sana ina maana kwamba waya umekatika kwenye lehemu ya kisahani. Ndani ya Uno kuna kipokezi kimoja tu kinachohamishwa kutoka pini hadi pini. Pini isiyo na kisahani hubaki na kumbukumbu ya pini iliyosomwa kabla yake, kwa hiyo A0 iliyokatika inarudia kilichotokea kwa jirani yake. Kisahani kizima hakina tabia hiyo. Utashauriwa kusoma kila pini mara mbili. Haina madhara, lakini waya uliokatika hauponi kwa kusomwa mara mbili.

Kwa maelezo uliyonipa, nina hakika njia kubwa ni ubao. Visahani vitatu juu ya plaiwudi moja ni masikio matatu ndani ya chumba kimoja. Kata ubao. Kila ngoma iwe na pedi yake, ikipangwa hivi kutoka chini: kitako cha plaiwudi ya milimita 12, upana wa sentimita 25, sponji ngumu ya milimita 10, bamba jembamba (plaiwudi ya milimita 4 au bati lisilo na kona kali, kipenyo cha sentimita 20), juu yake mpira wa milimita 3 hadi 4. Soli za kandambili kuukuu zinafaa kwa tabaka la sponji, na tyubu ya gari inafaa kwa uso. Kisahani kinakaa chini ya bamba, kimegundishwa kote bila mapovu, na sponji itobolewe shimo la kukipokea ili kisipondwe. Kisikae katikati kabisa. Kikiwa katikati, eneo hilo litapiga kelele kuliko kingo mara kadhaa. Kisogeze theluthi moja ya njia kuelekea ukingoni na bamba litasambaza pigo.

Kisha pedi zote tatu zikae kwenye fremu moja juu ya vipande vya sponji ya godoro yenye unene wa sentimita 4 au 5. Usizipige misumari. Msumari mmoja tu unaopita kwenye sponji hadi kwenye fremu unarejesha njia yote uliyohangaika kuikata. Tumia gundi au mikanda ya mpira. Sponji hiyo ina faida ya pili: kofi la mkono kwenye mbao husikika kwa jirani wa chini hata ukivaa hedifoni, nawe lengo lako lilikuwa usiku wa amani.

Mtikisiko kidogo utakaobaki unaweza kuuzima kwa programu. Pedi yoyote ikivuka kizingiti, dirisha la milisekunde 3 lifunguke kwa zote. Iliyo na kilele kikubwa ilie. Nyingine zilie tu kama zimefika angalau asilimia 40 ya kilele hicho. Hapa kuna gharama. Pigo jepesi la kweli la msondo likiangukia pamoja na pigo zito la vumi litamezwa. Ndiyo maana nataka ubao ukatwe kwanza. Kadiri mbao zinavyotenganishwa vizuri, ndivyo asilimia hiyo inavyoweza kushushwa, hadi 15 au 20, na ngoma zinapata uhuru wao.

Kulia zenyewe chaja ikichomekwa ni umeme wa 50 Hz unaoruka kutoka kwenye nyaya za nyumba na chaja hadi kwenye waya wa piezo, ambao kwa ukinzani wake mkubwa unafanya kazi ya antena. Jaribio: chomoa chaja, tumia betri, uone kama kunyamaza ni papo hapo. Kukiwa hivyo, badilisha waya mtupu kwa waya wa maikrofoni wenye wavu, wavu ukilehemiwa kwenye GND na kwenye bamba la shaba la kisahani, waya wa kati kwenye kauri. Fanya urefu usizidi mita moja, na nyaya za pedi tofauti zisisokotwe pamoja. Chaja za pini mbili ndizo mbaya zaidi kwa sababu hazina ethi, yaani waya wa ardhini. Ya pini tatu, kwenye soketi yenye ethi ya kweli, mara nyingi huumaliza mvumo wote. Wapo wanaoweka karatasi ya alumini ya jikoni kama ngao juu ya pedi na kuiunganisha na GND. Ni sawa, lakini lazima ikae chini ya mpira, mkono usiifikie kamwe.

Na hapa ndipo naomba usijitibu mwenyewe. Ukigusa laptopu, amplifaya au spika ukahisi kuwashwa au kutekenywa vidoleni, zima, chomoa, na umwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, aangalie ethi ya nyumba na ya hicho kifaa. Usikate pini ya tatu ya plagi, usitumie adapta inayoiruka. Kwenye jukwaa la harusi, ambapo waya wa kuazima unatoka nyumba ya jirani na mikono imelowa jasho, hili lina uzito kuliko yote niliyoandika humu.

Turudi kwenye udhaifu wa Uno. USB yake hupitia kichipu cha pili kinachojua siriali tu, yaani kutuma data biti moja baada ya nyingine, kwa hiyo kwenye kompyuta unahitaji daraja. Sakinisha loopMIDI, inayofungua mlango bandia wa MIDI, na Hairless MIDI, inayochukua siriali na kuipeleka kwenye mlango huo. Kasi ya siriali iwe 115200 pande zote mbili. Ujumbe mmoja wa pigo ni baiti tatu, na kwa 9600 huchukua milisekunde 3 wakati kwa 115200 huchukua chini ya theluthi ya milisekunde moja. Baiti ya kwanza ni 153, yaani "lia" kwenye chaneli ya 10. Ya pili ni namba ya noti, mathalani 36 kwa vumi, 38 msondo, 40 chapuo. Ya tatu ni nguvu. Nguvu ikiwa 0 maana yake ni "nyamaza", itume baada ya kila pigo.

Kuna makosa mawili yanayopoteza siku nzima. La kwanza, kusahau Serial.print za majaribio ndani ya programu. Daraja litazisoma herufi hizo kama noti na utasikia vurugu. La pili, kujaribu kupakia programu mpya huku Hairless MIDI ikiwa wazi. Mlango umeshikwa, upakiaji utakataa.

Je, ubadilishe bodi? Ukichoka na madaraja, nunua Arduino Leonardo au Pro Micro yenye ATmega32U4. Kwa maktaba ya MIDIUSB, yaani msimbo ulioandikwa tayari, hujitambulisha yenyewe kama kifaa cha MIDI, na mipangilio ya pini na programu yako haibadiliki sana. Ukikosa mjini, maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, yanauza. Lakini usibadilishe kabla ya kurekebisha ubao na vizingiti, maana matatizo yote manne yangekufuata kwenye bodi mpya kama yalivyo. Pedi za kiwandani zina haki yake pia: kama una harusi wiki ijayo na pesa ipo, zitakuokoa. Hazina sauti ya vumi, na nyingi zimebuniwa kwa fimbo, hivyo kidole huzisumbua.

Sauti yenyewe usiitafute mtandaoni. Rekodi ngoma zenu. Zipasheni moto kwanza kama kawaida yenu, kwa sababu unyevu wa pwani huilegeza ngozi, na sauti mtakayoirekodi ndiyo mtakayoishi nayo. Chumba chenye magodoro ukutani, maikrofoni sentimita 30 kutoka ukingoni, faili za WAV. Kwa kila ngoma chukua pigo la katikati na la ukingo, kila moja kwa viwango vinne vya nguvu, na kila kiwango mara tatu. Hizo mara tatu ni ili kompyuta izungushe. Sampuli moja ikirudiwa kwenye pigo la haraka inalia kama bunduki. Programu ya Sforzando ni ya bure na husoma faili za SFZ, ambazo ni maandishi ya kawaida yanayosema sampuli ipi ilie kwa noti ipi na nguvu zipi.

Kuna kitu ambacho kisahani kimoja hakitakupa: kuziba sauti kwa kiganja. Nimeshaeleza sababu, piezo haioni mkono uliotulia. Kwa vumi ongeza kihisi cha mgandamizo, kile cha karatasi ambacho ukinzani wake hushuka kikikandamizwa, chini ya mpira karibu na ukingo, kwa rezista ya kiloomu 10 hadi GND, kikiingia A3. Kikisoma juu ya kiwango ulichokiweka, tuma noti nyingine, ya vumi iliyozibwa. Fanya hili baada ya ngoma tatu kutulia, si sasa.

Neno juu ya hewa yetu. Bredibodi, zile mbao za kuchomekea waya bila lehemu, hazidumu pwani. Chumvi huingia kwenye vishikizo vyake, mguso unalegea, na utaanza kuona mapigo ya uongo ambayo programu haiwezi kuyaeleza. Mpangilio ukishakubali, uhamishie kwenye veroboard, ubao wenye matundu wa kulehemia, na uulehemu kwa waya wa lehemu wenye utomvu ndani, usitumie asidi ya mafundi bati. Kwenye kauri ya kisahani pasi ya kulehemu ikae sekunde moja au mbili tu, joto jingi huiharibu. Ukimaliza, safisha kwa spiriti, paka viungio rangi ya kucha isiyo na rangi, na weka tone la gundi ya moto juu ya waya unapotoka kwenye kisahani, kwa sababu hapo ndipo hukatika.

Ukitenga pedi, ukaweka kizingiti kinachoshuka, na bado pedi moja inarudia, basi wimbi lake linahitaji kuonekana kwa macho. Tafuta osiloskopu, chombo kinachochora wimbi la umeme kwenye skrini. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kinafundisha uhandisi wa umeme, na Swahilipot Hub hukusanya vijana wa teknolojia na wa sanaa pamoja. Beba pedi hiyo moja, Uno, na karatasi yenye namba tatu: thamani kubwa ngoma ikiwa imetulia, kilele cha pigo la kidole, na kilele cha kofi zito. Kwa namba hizo mtu anayeijua kazi ataona tatizo kabla hata hajawasha chombo.